Rashi wa Troyes, Mwalimu Aliyewasoma Wenye Dhambi kwa Subira

Katika ukurasa huu wa maisha ya watu wa zamani tumezoea kusoma habari za wamisionari, wainjilisti na wafia dini wa Kanisa. Safari hii ni zamu ya mtu ambaye hakuwa Mkristo, tena aliyeishi wakati ambapo watu wenye alama ya msalaba nguoni waliwaua ndugu zake. Najua wapo watakaouliza kwa nini Myahudi anawekwa katika gazeti la kanisa. Naomba msome hadi mwisho kwanza, halafu tuulizane.

Jina lake ni Shlomo ben Yitzhak, yaani Sulemani mwana wa Isaka. Wayahudi wana desturi ya kulifupisha jina la mwalimu kwa kuchukua herufi zake za kwanza, basi Rabi Shlomo Yitzhaki akawa Rashi. Kwa jina hilo anajulikana mpaka leo popote Wayahudi wanapofungua Torati.

Alizaliwa mwaka 1040 katika mji wa Troyes, katika jimbo la Champagne, kaskazini mwa Ufaransa. Wayahudi wa mji ule walikuwa wachache, jamaa kadhaa tu katikati ya Wakristo. Ziko hadithi nyingi juu ya kuzaliwa kwake. Mojawapo husema mama yake, akiwa mjamzito, alibanwa njiani na gari la farasi, na ukuta wa sinagogi ukabonyea ndani ili kumpa nafasi. Hadithi za namna hiyo watu huzisimulia wanapompenda mtu. Tuziache hapo.

Lililo hakika ni kwamba alikuwa na kiu ya kusoma na Troyes haikuwa na shule ya kumtosha. Akaenda Ujerumani, katika miji ya Mainz na Worms iliyo kando ya mto Rhein. Huko kulikuwa na shule zilizotokana na kazi ya Rabi Gershom, mwalimu ambaye Wayahudi walimpa jina la Nuru ya Uhamisho. Walimu wa Rashi, yaani Yaakov ben Yakar na Yitzhak ben Yehuda huko Mainz, na Yitzhak ha-Levi huko Worms, walitoka katika mkondo huo. Rashi mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku zile alisoma akiwa hana chakula cha kutosha wala nguo, na mzigo wa ndoa ukiwa shingoni. Vijana wetu wanaosoma usiku kwa koroboi watamwelewa.

Baadaye akarudi kwao, na yapata mwaka 1070 akawa na shule yake mwenyewe. Mapokeo husema alijipatia riziki kwa mizabibu na kutengeneza divai, ingawa wanahistoria wengine wanatilia shaka kama hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Haonekani kama mtu aliyekaa mbali na maisha ya watu. Anapofafanua neno gumu la Kiebrania, mara nyingi huandika kando yake neno la Kifaransa cha siku zile: jina la chombo, la mnyama, la sehemu ya jembe, la ugonjwa. Maneno hayo yako kwa maelfu katika vitabu vyake, na leo wataalamu wa Kifaransa huvichunguza ili wajue watu wa karne ile walivyosema. Wale kati yetu waliosoma shule kwa Kifaransa huko nyumbani wajue kwamba baadhi ya maneno waliyochapwa fimbo kwa ajili yake yameandikwa, kwa herufi za Kiebrania, katika kazi ya rabi huyu.

Hakupata mtoto wa kiume tunayemjua. Alikuwa na mabinti, Yocheved, Miriam na Rachel. Wakwe zake walikuwa wanafunzi wake, na wajukuu wake, hasa Shmuel na Yaakov wana wa Yocheved, wakawa walimu wakubwa kuliko wote wa kizazi kilichofuata. Shmuel alibishana na babu yake juu ya maana ya Maandiko, na ameandika kwamba babu alimkubalia: kama angepata nafasi, alisema, angeandika upya maelezo mengine, kwa maana kila siku maana mpya za wazi zilikuwa zikigunduliwa. Mzee mwenye sifa namna ile kumwambia mjukuu maneno hayo si jambo dogo.

KAZI YAKE

Rashi aliandika ufafanuzi wa karibu Biblia yote ya Kiebrania, ile tunayoiita Agano la Kale, na wa sehemu kubwa ya Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mabishano ya marabi. Maelezo yake ni mafupi sana. Neno moja, mstari mmoja, mara nyingi sentensi mbili, amemaliza. Pale asipojua, husema. Katika Mwanzo 28:5 Rebeka anatajwa kuwa mama yao Yakobo na Esau, jambo ambalo msomaji analijua tangu sura ya 25. Rashi anaona kwamba maneno hayo lazima yawe na sababu, kisha anakiri kuwa hajui yanatufundisha nini. Wahubiri wangapi tumewasikia wakikiri hivyo mimbarani?

Mengi ya yale aliyoyaandika si ya kwake. Alikuwa na hazina ya zamani, Midrashi, ambamo marabi wa karne zilizotangulia walikuwa wameuliza Biblia maswali na kuyajibu kwa visa na mifano. Yeye alichagua, akapima kisa kipi kinayafaa maneno ya andiko, akakiweka mahali pake. Na hapo ndipo ninapomtaka kwa ajili yetu. Tunapofika kwa watu wa Biblia walioanguka, sisi huwa na njia mbili. Ama tunawaruka, kama tunavyoruka Mwanzo 38 watoto wakiwapo, ama tunawapiga mawe. Marabi walikuwa na njia ya tatu: kukaa na mtu yule na kuuliza alikuwa akiwaza nini saa ile.

Mtazameni Reubeni. Alimkosea baba yake vibaya, akalala na Bilha. Katika sura ya 37 yeye ndiye anayewazuia ndugu zake wasimwue Yusufu, lakini Yusufu anapouzwa hayupo. Anarudi kisimani, anakuta mtoto hayumo, anararua nguo. Alikuwa wapi? Biblia haisemi. Rashi anatoa majibu mawili ya wazee. La kwanza, ilikuwa zamu yake kwenda kumhudumia baba. La pili, alikuwa amejitenga, amevaa magunia na kufunga, akitubu kwa ajili ya kosa lile la kitanda cha baba yake. Jibu hili la pili linauma. Toba yake ilikuwa ya kweli, na kwa sababu alikuwa ameshughulika nayo, hakuwepo mdogo wake alipouzwa.

Au Yuda. Sura ya 38 inaanza kwa kusema alishuka kutoka kwa ndugu zake. Kwa nini habari hii imeingizwa katikati ya habari za Yusufu? Rashi anaeleza kwamba ndugu walipomwona baba yao akilia bila kufarijika, walimgeukia Yuda na kumshusha cheo. Walimlaumu kwamba ni yeye aliyeshauri wauze. Kama angewaambia wamrudishe, wangemsikia. Tunaijua tabia hii. Watu kumi wanafanya uovu pamoja, kisha wanamtafuta mmoja wa kuubeba.

Kisha anakuja Tamari, mkwewe Yuda. Amepata mimba, amehukumiwa kuchomwa moto, anapelekwa nje. Mkononi ana pete, kamba na fimbo ya mwenye mimba ile, naye ni Yuda mwenyewe aliyetoa hukumu. Angeweza kumtaja kwa sauti mbele ya mji wote. Badala yake anapeleka vitu vile na kusema tu kwamba ana mimba ya mwenye vitu hivi. Rashi anaingia moyoni mwake: hakutaka kumwaibisha. Akikiri mwenyewe, vema. Asipokiri, na wanichome. Kutoka hapo marabi wakafundisha kwamba ni afadhali mtu atupwe katika tanuru la moto kuliko kumwaibisha mwenzake mbele za watu. Na Yuda, aliyekuwa na nafasi ya kunyamaza na kuua siri yake pamoja na mwanamke, alikiri. Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, Tamari alimtaja kwa jina.

Haruni naye. Ndama ya dhahabu huwa tunamhesabia woga. Rashi anakumbusha mtu ambaye sisi tunamsahau, Huri, aliyeachwa pamoja na Haruni kuwaamua watu Musa alipopanda mlimani, na ambaye baada ya hapo hatajwi tena katika habari hiyo. Wazee walieleza kwamba Huri aliwakemea watu wakamwua, na Haruni aliyaona hayo. Akawaza kwamba wakimwua na yeye hawatakuwa na dawa tena, basi afadhali lawama iwe juu yake. Akajenga madhabahu mwenyewe ili achelewe, akatangaza sikukuu iwe kesho, akitumaini Musa atakuwa amerudi. Hakurudi kwa wakati. Kosa linabaki kuwa kosa, Kutoka 32 haikufutwa. Lakini viongozi wa makundi yenye hasira, na humu makambini wapo waliowahi kusimama mbele ya kundi la namna hiyo, watamwona Haruni kwa jicho lingine.

Rashi hawapambi tu watu. Nuhu anasifiwa kuwa mwenye haki katika vizazi vyake, na Rashi anaweka mawazo mawili yanayopingana: wengine walisema angeishi kati ya wenye haki angezidi zaidi, wengine wakasema katika siku za Ibrahimu asingehesabiwa kitu. Tena anaongeza kwamba Nuhu mwenyewe alikuwa na imani haba, hakuingia safinani mpaka maji yalipomsukuma. Yusufu kijana anatengeneza nywele na kujipamba macho. Na hata baada ya kuuzwa, alipopata cheo nyumbani kwa Potifa alianza kula, kunywa na kusokota nywele zake huku baba yake akiomboleza. Ndipo, wasema wazee, Mungu akamwachia mke wa Potifa. Na siku ile nyumba ilipokuwa tupu, kuna waliosema Yusufu alikuwa ameingia kwa nia ya kukubali, ila sura ya baba yake ikamtokea, akakimbia.

Si kila kitu hapa ninakikubali. Juu ya Daudi na Bathsheba, iko njia katika Talmudi inayosema anayedai Daudi alitenda dhambi amekosea, kwa kuwa askari waliokwenda vitani walikuwa wakiwaachia wake zao hati ya talaka. Talmudi yenyewe inaona kwamba mwenye kumtetea alikuwa wa ukoo wa Daudi! Daudi hakujitetea hivyo mbele ya Nathani, wala katika Zaburi ya 51. Mbele ya Uria aliyeuawa, utetezi ule ni mwepesi mno.

Kwa Esau pia Rashi ni mkali kuliko andiko lenyewe. Sababu yake inajulikana: kwa Wayahudi Esau alikuwa amekuwa jina la Edomu, na Edomu jina la Rumi, na baada ya Rumi jina la Wakristo. Yaani Esau ni sisi. Hata hivyo, Esau anapomkimbilia Yakobo na kumbusu, Rashi analeta neno la mwalimu mmoja wa kale kwamba, pamoja na chuki yote, saa ile huruma ya Esau iliamka naye akambusu kwa moyo wake wote. Na juu ya Yakobo anayeogopa usiku uliotangulia, Biblia inasema aliogopa tena akafadhaika. Kwa nini maneno mawili? Aliogopa asiuawe, asema Rashi, na akafadhaika asije yeye akaua.

MWAKA 1096

Mwaka 1095 Papa Urbano wa Pili aliwaita Wakristo wa Ulaya waende kuikomboa Yerusalemu. Mwaka uliofuata, kabla ya majeshi makubwa kuondoka, makundi ya watu wenye silaha yalishuka kando ya mto Rhein yakisema kwamba maadui wa Kristo wako hapa hapa karibu. Speyer askofu aliwaokoa Wayahudi wengi. Worms waliuawa yapata 800. Mainz habari za Kiebrania zinahesabu zaidi ya 1,000. Wengine walijiua pamoja na watoto wao ili wasibatizwe kwa nguvu. Ndiyo miji ile ile alikosoma Rashi, shule zile zile, jamaa za walimu wake. Troyes haikuguswa. Yeye alikuwa na miaka 56.

Ziko sala za toba za kishairi zinazohesabiwa kuwa zake, na baadhi yake hufikiriwa kuwa ni za wakati ule. Lakini kwangu jambo kubwa ni hukumu zake juu ya waliobatizwa kwa nguvu. Wengi walikubali maji kwa kuogopa upanga, na hatari ilipopita wakarudi. Wenzao waliokuwa wamepoteza jamaa hawakutaka kuketi nao. Rashi alishika fundisho la Talmudi kwamba Israeli, ajapotenda dhambi, angali ni Israeli. Wasitengwe, alifundisha, wala wasiaibishwe. Waliyoyafanya waliyafanya kwa kuogopa kuuawa, na mara walipoweza waliharakisha kurudi. Tamari na tanuru lake havikuwa kwake somo la kitabuni tu.

Na sisi, wapendwa, tuna watu katikati yetu ambao usiku wa vita walisema neno fulani, au walionyesha nyumba fulani, au walikana kabila lao ili wapite kizuizini. Wanajulikana. Wengine hukaa viti vya nyuma.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Rashi alifariki Julai 1105, akiwa na miaka 65, kazi ikiwa mkononi. Ufafanuzi wake wa sehemu moja ya Talmudi unakatika katikati, na mkwewe akaandika hapo kwamba tangu hapa maneno si ya mwalimu wetu tena. Sehemu nyingine ilimalizwa na mjukuu wake Shmuel.

Vitabu vyake vilipita katika mengi. Mwaka 1242 Talmudi zilichomwa moto Paris, magari kwa magari. Mwaka 1306 mfalme Filipo wa Nne aliwafukuza Wayahudi wa Ufaransa, wakatawanyika. Ufafanuzi wa Torati ukaendelea. Chapa yake ya mwaka 1475, iliyotolewa Reggio di Calabria huko Italia, ndiyo kitabu cha kwanza cha Kiebrania kuchapwa kikiwa na tarehe yake. Hata Kanisa lilikunywa katika kisima hicho. Mfransisko Nicholas wa Lyra, aliyefariki 1349, alimtumia Rashi sana katika maelezo yake ya Biblia, na Martin Luther alimtumia Nicholas. Sinagogi la Worms lilibomolewa na Wanazi mwaka 1938, likajengwa upya 1961, na mwaka 2021 maeneo ya kale ya Wayahudi wa Speyer, Worms na Mainz yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Nimeliacha hadi sasa fungu moja, Mwanzo 48:7. Yakobo ni mzee, yuko Misri, ugenini. Amemwapisha Yusufu asimzike huko bali ampeleke kwenye pango la Makpela. Halafu ghafula anaanza kusema habari za Raheli, mama yake Yusufu, jinsi alivyokufa njiani karibu na Efrata na kuzikwa pale pale kando ya njia. Mbona anayasema sasa? Rashi anasikia ndani yake mzee anayejitetea. Yakobo anajua kwamba mwanawe ana neno moyoni kwa miaka mingi: mimi unanitwisha safari ndefu ya kukuzika, na mama yangu hukumfikisha hata Bethlehemu, napo palikuwa karibu. Basi anamweleza kwamba alimzika njiani kwa agizo la Mungu. Siku ingekuja ambapo Nebuzaradani, mkuu wa askari wa Babeli, angewachukua wana wa Israeli mateka, nao wangepita njia ile. Ndipo Raheli angetoka kaburini na kuwalilia, kama asemavyo Yeremia katika sura ya 31, na Mungu angemjibu kwamba watoto wake watarudi mpakani mwao.

Wengi wetu tuna kaburi kando ya njia. Wengine ni la mama, wengine la mtoto mchanga, mahali ambapo hatukuweza kungoja hata siku moja, na hakuna aliyebaki wa kupalilia. Wako pia watoto waliokua humu kambini ambao hawajawahi kuwauliza wazazi wao jambo hilo, na wazazi ambao hawajawahi kulisema.

Kaburi la Rashi mwenyewe halijulikani lilipo. Makaburi ya Wayahudi wa Troyes yalijengewa juu zamani. Mjini humo siku hizi kuna nguzo ya kumbukumbu, ya umbo la mviringo kama dunia, yenye herufi za Kiebrania za jina lake.